Kovu Lisilonyeshewa

Bi Sikuzani wa Zinga alikuwa edani. Mumewe, Kitwana, alikata roho siku mwezi mpya ulipoandama, na tangu hapo mjane akawa anahesabu: miezi minne na siku kumi, asitoke nje ya ua. Zilibaki siku mbili.

Alasiri hiyo mwezi ulishapanda, mweupe kama muhogo uliomenywa. Mjukuu wake Adila, wa darasa la sita, akauonyesha kidole.

"Bibi, yale madoa unayajua?"

"Mwanamke anatwanga. Babu yako ndivyo alivyoniambia."

"Alikudanganya, bibi! Mwalimu kasema ni mawe. Yalitoka angani, miaka mabilioni huko nyuma, yakaupiga mwezi ukawa mashimo matupu. Palipopigwa sana, baadaye uji wa moto ukapanda kutoka ndani, ukapajaza, ukaganda mweusi."

"Na miaka yote hiyo hayajafukika?"

"Yatafukikaje? Kule hakuna mvua wala upepo. Ukipigwa, ndiyo basi."

Bi Sikuzani akageukia ukuta wa chumba chake, upande wa uani. Kitwana ndiye aliyeukandika mwaka jana, mgongo ulipokuwa bado unamruhusu, na alama za viganja vyake zilibaki kwenye udongo, na kile kidole cha shahada kilichopinda. Masika yalishakula nusu. Kila asubuhi mjane alitia kiganja chake ndani ya kile cha mumewe. Hakumwambia mtu. Angesemaje? Mtu mzima kukumbatia udongo! Wifi yake Mwanahija, kwa ulimi ule, angemcheka mpaka kiama.

Siku ya kutoka eda wanawake walimwogesha alfajiri, wakamvika kanga mpya. Akakaa chumbani akisomewa dua hadi alasiri. Nje alisikia maji yakimwagwa na watu wakicheka. Akadhani ni mambo ya pilau.

Alipotoka, ukuta ulikuwa laini kama yai, unanukia udongo mbichi.

"Haya, wifi, sema ahsante!" Mwanahija alikuwa na tope hadi viwikoni. "Ungewapokea wageni na ukuta wenye mapengo kama kinywa changu?"

"Ahsante, wifi yangu. Mungu akulipe."

Akapeleka mkono palepale pa kila siku. Kiganja kikazama, kikaacha alama yake, peke yake.

"We! Unaniharibia!" Mwanahija akaja mbio, akapalainisha.

Juu ya paa mwezi ulikuwa umeshatoka, na makovu yake yote, hata moja halijapungua.