Tikiti Tisa za Lubumbashi

Jumamosi ile tulikuwa kwenye salongo, kazi ya lazima ya pamoja, tunafyeka majani mbele ya chuo kama kila Jumamosi, wakati mgeni mmoja alipoingia uani na katoni iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli. Abakosti yake, lile koti lisilovaliwa na tai, ilikuwa imejaa vumbi la treni.

"Njo hapa wanafundisha informatiki?" akauliza.

"Njo hapa," mwenzetu Ngoyi akamjibu, panga begani. "Lakini leo tunafundishwa majani."

Mgeni hakucheka. Alisema anaitwa Mukuna, ametoka Lubumbashi, na sote tukaweka mapanga chini. Jina lile tulilijua kwa miaka miwili. Hapa kwetu Kindu hatukuwa na kompyuta hata moja. Tulijifunza kupiga herufi juu ya kipande cha katoni ambacho mwalimu Kalonji alikuwa amekichorea vitufe. Programu tuliziandika kwa penseli kwenye karatasi za miraba, zikasafiri kwa treni hadi Lubumbashi, kwenye mashine ya kampuni moja iliyokubali kutusaidia. Baada ya wiki tano au sita zilirudi zimechapwa, na pembeni maneno machache ya mtu ambaye hatukuwahi kumwona: "Mstari wa 14, nukta iko wapi? Mukuna."

Sasa alikuwa amesimama mbele yetu, mwembamba, amechoka, anaomba maji.

"Mashini inaondoka," alisema baada ya kunywa. "Ilikuwa ya kukodi, wenyewe wanaichukua mwisho wa mwezi. Nikaona barua itachelewa, afazali nikuje mwenyewe." Alifungua katoni, akatoa vikaratasi vyenye muhuri. "Kila kazi inayoingia kwa mashini inadai tikiti yake. Nilipata tisa. Kesho narudi na treni."

Bila programu iliyopita kwenye mashine na kuchapwa bila kosa, hakuna aliyeweza kupata breve, cheti cha kumaliza chuo. Hilo halikuhitaji kuelezwa.

"Tuko kumi," nikasema.

"Liste mulituma ni ya bantu tisa."

Orodha ile niliiandika mimi. Nilikuwa kiongozi wa darasa, na mwalimu aliniambia niandike majina ya wanaohudhuria. Wiki ile mwenzetu wa kumi, Tshiela, alikuwa ameondoka kwenda Punia, ambako baba yake alikuwa ameangukiwa na udongo mgodini. Niliandika tisa kwa sababu tisa ndiyo ilikuwa kweli. Nakumbuka nilijivunia hati yangu.

Tshiela, kabla ya kupanda lori, alikuwa amenitia daftari mkononi. Ndani yake mlikuwa na programu yake, bado haijasafishwa, ya kupanga majina ya wagonjwa wa zahanati ya Alunguli, ili kadi ya mtu ipatikane bila kupekua kabati zima wakati mwenyewe anatetemeka kwa homa kwenye benchi.

"Abedi, isibaki," alisema.

"Haitabaki, yaya," nikamjibu, kama tunavyomwita dada mkubwa.

Hakuna barua ambayo ingefika Punia na kurudi kabla ya kesho. Nilimfuata Mukuna hadi kwenye kivuli cha ukuta.

"Mukubwa, hata moja ya kuongeza?"

"Mimi si mukubwa, ndugu yangu. Mimi ni muntu wa kutia karata za programu kwa mashini. Niliomba ya akiba, wakanionyesha liste yenu."

Mwavita, aliyekaa nami dawati moja, alipendekeza tuunganishe programu mbili chini ya tikiti moja. Mukuna akatikisa kichwa. "Ya kwanza ikianguka, inaangusha ya pili. Nimeona mara nyingi."

Nikamwendea mwalimu Kalonji. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, ameweka tikiti gotini, anazihesabu upya kana kwamba zingezaa.

"Abedi," alisema taratibu, "yule hayupo. Wewe uko hapa. Hakuna atakayekulaumu. Mimi mwenyewe sina la kufanya."

Akanipa yangu.

Alasiri yote nilikaa darasani na daftari la Tshiela. Nilijidanganya kwamba ninalisoma tu. Programu yangu ilikuwa tayari, imesahihishwa mara mbili. Baba yangu, karani wa stesheni, alikuwa ameshawaambia wenzake kwamba mwanawe ataingia ofisini mwaka huu, na mama alikuwa ameshaninunulia viatu. Ya Tshiela ilikosa nukta mstari wa 31. Kwenye lugha ile, nukta moja ikikosekana, mashine hukataa kila kinachofuata. Niliiweka. Kisha nikaanza kunakili, herufi moja mraba mmoja, mpaka vidole vikaniuma.

Ngoyi alichungulia begani kwangu.

"Unataka kumuoa?"

"Hapana."

"Basi wewe ni mujinga hata bila harusi," akasema. Lakini aliketi akanisomea mistari hadi mwisho, ili nisiruke hata mmoja.

Asubuhi nilimkuta Mukuna stesheni, ameegemea katoni yake. Wenzangu walikuwa wamekwisha kumkabidhi zao. Nilimpa karatasi pamoja na tikiti. Alisoma jina, akapitisha kidole juu ya majina mengine manane, akaniangalia.

"Huyu njo ule hakukuwa kwa liste?"

"Njo yeye."

"Na yako?"

"Imebaki nyumbani."

Nilitamani aseme niikimbilie, kwamba ataijaribu hivyo hivyo, bila tikiti, na nadhani naye alitamani kusema hivyo. Baba yangu alikuwa dirishani pa ofisi yake, akatupungia mkono akicheka, akiamini ninasafirisha kazi yangu.

"Mwandiko ni safi," Mukuna alisema mwishowe. "Itapita."

Akaifunga katoni kwa ule mpira, akapanda.