Ngoma Kifuani pa Bwana Mkato

Kila asubuhi mtafiti alianza kazi kwa kumlaza nyuki kwenye kikombe cha barafu. Nyuki akishapoa na kutulia, alimpaka rangi mgongoni, akamshikiza mabega kwa nta, kisha chini ya hadubini akamwingiza kichwani sindano ya kioo, nyembamba kuliko unywele. Hapo spika ya mezani ilianza kuchachatika kama mafuta kikaangoni. Huo ndio ubongo wa nyuki ukifikiri. Mtafiti alikuwa ameusikiliza karibu maisha yake yote ya kazi, na mama yake, mkunga mstaafu, alishachoka kumuuliza ataolewa lini.

Nyuki akipata maua hurudi mzingani akawachezea wenzake ngoma. Upande anaoelekea akitikisa tumbo ndio upande wa maua, ukichukulia kwamba juu ya sega ndiko jua lilipo, na akitikisa kwa muda mrefu, basi ni mbali. Mzingani ni giza totoro, lakini wenzake humwelewa vizuri tu. Wanamwelewaje, hakuna aliyejua mpaka mtafiti alipozipata seli za ubongo zinazoisoma ngoma ile. Kazi ilikuwa yake kuanzia barafu hadi sentensi ya mwisho. Mkuu wa idara yeye alihamisha alama moja ya mkato kutoka neno hili hadi lile, halafu akaweka jina lake mbele. Ndiyo maana maabara nzima walimwita Bwana Mkato. Habari ilipofika magazetini, jina la pili lilishaanguka njiani, na sasa Mkato alikuwa anapewa medali.

"Nimezalisha watu mpaka nimestaafu," mama alisema wakivaa viatu. "Sijawahi kuona mwanamume akidai uchungu ulikuwa wake."

"Twende, mama. Tutachelewa."

Alitaka jina lake litajwe, hata mara moja tu, mama akiwepo. Hakuwa na haja nyingine.

Ukumbini walipewa viti vya nyuma, karibu na nguzo. Mkato alipanda jukwaani na shati jeupe lililopigwa pasi likaiva, akaanza kueleza utafiti wake. Alikuwa katikati ya sentensi nyuki walipoingia dirishani.

Walikuwa wafu. Mtafiti aliwatambua kwa rangi alizowapaka mwenyewe: yule wa bluu, mkali wa kupindukia, na yule wa njano aliyempa mlio safi kuliko wote. Mabegani bado walikuwa na nta. Walitua kifuani pa Mkato, wakajipanga, wakaanza kucheza.

Mtafiti ndiye aliyewaua, kwa upole, lakini aliwaua, na hakutegemea fadhila yoyote kutoka kwao.

Ukumbi ulijaa wataalamu wa nyuki, kwa hiyo hakuna aliyepiga kelele. Mtu alivuta pazia kutazama jua lilipo. Mwingine alimwomba Mkato asimame wima, maana shati likikunjamana pembe inapotea, na Mkato, mtu wa adabu zake, akabana tumbo. Mwenyekiti aliuliza nani ana kipimapembe. Bibi mmoja wa safu ya mbele alikumbusha kwamba nyuki waliokufa hutikisa taratibu, kwa hiyo umbali upunguzwe kidogo.

"Kwa umbali mfupi hivi wangezunguka tu bila kuelekeza," mwenzake alilalamika.

"Hao ni nyuki wa mitaani," bibi alimjibu. "Hawa wamepitia maabara ya maana."

Walibishana. Hesabu ya kwanza iliwapeleka kwenye nguzo, wakapima upya. Kisha wote wakageuza shingo, wakamtazama mtafiti.

"Inua kichwa," mama alinong'ona, naye akakiinua.

"Ni yule dada wa pembeni ya nguzo," mwenyekiti alitangaza. "Hakuna ubishi, kazi ni yake, na ni kazi nzuri mno. Bahati mbaya medali imeshachongwa jina."

Ukumbi mzima ulikubali kwamba ni bahati mbaya kweli. Mkato akavishwa medali yake, na nyuki wakasogea kidogo kuipisha. Watu wakapiga makofi, wengine wakiwa wamegeukia nyuma.

Siku iliyofuata gazeti lilitoa picha ya Mkato, kifua kimejaa nyuki, na chini yake maneno kwamba hata wadudu wanampenda. Mtafiti hakuwemo. Alirudi kazini, akaomba barafu.

Mama alinunua gazeti lile, akaitia picha kwenye fremu, akaitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kuikwepa. Majirani walikuja wakaitazama, wakamuuliza huyu mzee wa medali ni ndugu yao wa wapi.

"Huyo si ndugu," mama alisema, akiinyoosha fremu. "Huyo ni kibao tu cha kuonyesha njia. Fuata wanakoelekeza nyuki, utafika kwa mwanangu."