Tulia, Zumara

Fundi cherehani ndiye aliyefurahi zaidi mumewe alipoipata tena ile sinema ya zamani. Waliitazama wakiwa wachumba, na mume huyo, kinyozi mwenye maneno mengi kuliko wateja, akatoka ukumbini akimwita Zumara, jina la binti mfalme aliyetekwa na mchawi. Mtaa mzima ukalidaka. Hata siku ya harusi alisukwa nywele za Zumara, akajiona hana mfano duniani.

Jumapili mchana wakakaa sebuleni wanne: yeye, mumewe, mwana wao fundi umeme, na mkwe wao nesi, bi harusi wa juzijuzi tu. Kinyozi akachomeka flashi kwenye televisheni.

Joka likatema moto, wanaume wakashangilia. Kisha Zumara akatokea, na fundi cherehani akatoa macho. Kumbe ndiye huyu? Vazi lenyewe ni vipande viwili vya ngozi, havitoshi hata kushona mfuko wa suruali! Wanaume wote wamevaa chuma hadi shingoni, yeye peke yake anaendea vita tumbo wazi. Kamera inaanzia miguuni, inajikokota, ikifika usoni imeshachoka. Mchawi akamweka dau katika kamari na shujaa wa sinema, akashindwa, na shujaa akamkokota Zumara kwa mnyororo kama mbuzi wa mnadani. Alipofungua mdomo, shujaa akamziba kwa kiganja.

"Tulia, Zumara!" kinyozi akasema sambamba na shujaa, neno kwa neno.

Damu ikamchemka fundi. Maneno hayo ameambiwa miaka yote ya ndoa, kila alipopinga jambo. Watu walicheka, naye akacheka, akidhani anadekezwa. Kumbe alikuwa anazibwa mdomo kwa mbwembwe! Shamba la marehemu mama yake liliuzwa hivyohivyo, kwa kicheko.

Mkwe akamgeukia mumewe. "Lakini mimi naona..."

"Tulia, Zumara," kijana akamkatiza, kiganja juu. Baba mtu akaangua kicheko. Mkwe naye akacheka kidogo, macho chini. Kicheko hicho fundi alikijua vizuri, maana ndicho alichokuwa akikicheka yeye.

Akainuka, akaichomoa flashi.

"Aa, Mama! Si sinema tu?" kijana akalalamika.

"Sinema gani? Mimi naiona hapa kochini! Nani kakutuma umzibe mdomo mtoto wa watu?"

"Mke wangu, unakuza mambo," kinyozi akasema. "Hebu tulia, Zu..."

"Malizia! Mbona umekwama? Malizia mbele ya mkweo!"

Fundi alikuwa na hasira, na wala hakutaka ipoe. Akamgeukia mkwe.

"Mwanangu, ulikuwa unasema nini?"

"Basi tu, Mama. Yaishe."

"Hayaishi. Sema."

Nesi akamtazama mumewe usoni.

"Nilikuwa nasema sitaki uniite hivyo. Nilikwambia tangu wiki ya harusi, ukaniambia nitulie."