Kamba ya Hero ya Idil

Nyama ya ngamia ilishinda juani juu ya kamba ya nguo, nyuma ya nyumba ya Khadra pale Hargeisa, na Ambaro alikaa chini yake na fimbo ya kufukuzia kunguru. Ilipokauka aliishusha, akaikatakata vipande vidogo kama punje za mahindi, akaikaanga kwa samli mpaka maji yote yakaisha. Akaitia iliki na kitunguu saumu, akaifunika kwa tende zilizopondwa. Vyote viliingia katika hero ya harusi, chombo cha mti ambacho huvalishwa kitambaa cheupe na kufungwa kamba kwa mafundo ya siri. Siku ya saba baada ya harusi, wanaume wa upande wa bwana harusi huja kuifungua. Hutafuta kichwa cha kamba kwa vidole tu, na anayetoa kisu ameuaibisha ukoo wake.

Bibi harusi, Idil, alikuwa binti wa Khadra, ila aliyemkuza kwa anjero, mikate laini ya kila asubuhi, ni Ambaro, mama yake mdogo. Ambaro aliachika mara mbili, hakujaliwa mtoto, akawa anaishi chumba cha uani. Na hero, kama kila mtu ajuavyo, hufungwa na mwanamke ambaye ndoa yake imesimama. Ya Khadra ilikuwa imesimama imara. Mumewe alikwenda Burao kununua mbuzi wakati Idil ananyonya, akaoa huko, akabaki huko, wala hakukumbuka kutoa talaka. Kwa hiyo Khadra ndiye aliyestahili kuifunga hero, ingawa alikuwa mwanamke wa kuunguza chai.

"Wewe funga, kusema niachie mimi," alimwambia mdogo wake.

"Sawa. Lakini siku ya kufungua useme mara moja, mbele za watu, kwamba imefungwa na Ambaro. Mara moja tu, dada."

"Wallahi nitasema. Kwani jina lako lina miiba?"

Ambaro akafunga. Kamba ilikuwa fupi, ya kawaida, ya sokoni. Alipomaliza aliona ncha yake imebaki imezunguka kidole gumba chake. Hakuona haja ya kuitoa, maana haikumzuia kukanda unga. Hero ilipobebwa kupelekwa sebuleni, kamba ilirefuka ikaifuata, ikalala kando ya ukuta, na mchana Khadra akaagiza ifagiliwe vumbi.

Siku ya saba alikuja Jirde, ami yake bwana harusi, mwenye ndevu za hina, pamoja na vijana wake. Alikuwa na haraka kwa sababu mirungi huingia mjini saa sita. Khadra alikaa karibu na hero, dhahabu mpaka viwikoni. Ambaro aliambiwa abaki jikoni na wali, ili bahati yake isije ikakanyaga bahati ya bibi harusi.

"Haya, nani katufungia?" Jirde aliuliza, kama inavyoulizwa.

Khadra aliwatazama wageni, akawaona majirani zake wote, wamevaa, wanasubiri.

"Mimi," akasema.

Kule jikoni kamba ilimkaza Ambaro kidoleni. Akahamishia mwiko mkono wa kushoto.

Wanaume wakapata kipande kilicholegea, wakavuta. Kamba ikaja. Wakavuta tena, ikaja tena, na mafundo yakabaki yalivyo.

"Jirde!" mwanamke mmoja akapiga kelele. "Ndevu zimeiva, vidole bado vibichi!"

"Mwacheni, kazoea kuchambua mirungi huyo!"

Kufikia adhuhuri kamba ilikuwa imejaa sebule mpaka kwenye mito. Waliswali juu yake. Jirde alisema ni kamba nzuri, siku hizi hazipatikani, kisha akaamuru ipitishwe dirishani. Ikashuka barabarani, ikapita mbele ya duka la simu, na mwenye mbuzi akasimamisha mbuzi wake kuipisha. Jirani alianika mashuka juu yake. Alilalamika tu kwamba inasogea kabla mashuka hayajakauka.

Saa sita ilikwisha pita. Alasiri, Jirde alisimama akajipangusa jasho.

"Khadra, hii ni hila. Magharibi ikitukuta hatujaona kichwa cha kamba, tunaondoka na kijana wetu. Binti yenu mtabaki naye."

Idil akaanza kulia ndani ya mtandio. Alikuwa anampenda mumewe, jambo ambalo halikuwa katika mapatano lakini lilitokea.

Ndipo kijana mmoja alipofuata kamba upande wa pili, kando ya ukuta, akarudi. "Ami, kichwa kiko jikoni. Kimevaliwa."

Wakaenda wote. Ambaro alikuwa anapakua wali.

"Dada, mbona umetushikia kamba?" Jirde akauliza.

"Sikuishika. Imenishika yenyewe."

"Itaachia lini?"

"Khadra akisema alichoniahidi."

Hakuna aliyeuliza aliahidi nini. Mtaa mzima ulijua mkono wa nani unakaanga nyama ile. Jirde alikuwa amesuluhisha kesi nyingi za ngamia, akasema haki ya mama huyu iko wazi, jina lake litajwe. Ila jina la mwanamke aliyeachika mara mbili haliwezi kutajwa juu ya hero ya bibi harusi. Kwa hiyo litajwe humu jikoni, mlango ukiwa umefungwa, kwa sauti ya chini. Watu waliisifu hekima hiyo. Walitoka, mlango ukafungwa, na Khadra akainama sikioni kwa mdogo wake.

"Imefungwa na Ambaro," akanong'ona. "Haya, umeridhika?"

Kamba haikulegea. Jikoni si mbele za watu.

Mlango ukafunguka kidogo, Idil akachungulia, wanja umemchuruzika mashavuni. Yeye alijua kuliko wote. Alikuwapo uani siku kamba ilipofungwa.

"Mama mdogo," akasema, "nakuomba."

Ambaro alimsubiri aongeze neno. Hakuongeza. Basi Ambaro akaivua kamba kwa meno, na iliuma, iliuma hasa, na sebuleni mafundo yote yakaanguka kwa pamoja.

"Imefunguka!" Jirde alisikika. "Mikono ya Khadra ibarikiwe!"

Vigelegele vikapigwa. Walikula wote, wakafukiziwa udi, wakatawanyika. Hero ikaletwa jikoni ioshwe. Ambaro alipitisha kidole ndani yake, chini kabisa, palipobaki samli kidogo na tende, akaonja. Ilikuwa tamu kweli, na ndipo alipolia.

Wiki iliyofuata wanawake walikuja kwa Khadra wakiwa na mabinti wa kuozwa. Walitaka hero iliyofungwa namna ile, iliyowashinda wanaume kutwa nzima. Khadra aliwakubalia wote. Ambaro akaenda sokoni kununua kamba.

"Urefu gani?" muuzaji akamuuliza, huku akiutazama ule mstari mwekundu kwenye kidole gumba chake.

"Fupi tu," alisema Ambaro. "Itatosha."