Taarifa ya Saa Tisa

Watu wakisikia nafanya kazi idara ya maafa hudhani nashinda nikiokoa watoto juu ya mapaa. Kazi yangu ni kuhesabu saa kurudi nyuma. Siku ile taarifa ya hali ya hewa ya saa tatu asubuhi ilisema kimbunga huenda kikatufikia, na kikija, upepo wa kufunga daraja la kutokea mjini ungeanza kesho yake saa tisa alasiri. Hospitali yetu iko bondeni, karibu na ufukwe, haina ghorofa, na kuihamisha huchukua saa ishirini na nane. Ukirudi nyuma saa ishirini na nane unafika saa tano ya asubuhi ileile. Taarifa nyingine ingetoka saa tisa alasiri siku hiyohiyo. Kwa hiyo nilikuwa na chini ya saa mbili za kuamua jambo ambalo bado hakuna aliyelijua.

Mkuu wetu alisimama mbele ya ramani, kidole kwenye mstari wa katikati. Mstari ulipita mbali na mji, naye alishashusha pumzi. Nikamweleza, nadhani kwa mara ya mia, kwamba mstari ule ni makadirio tu, kwamba kimbunga kinaweza kupita popote ndani ya eneo pana linalouzunguka, na sisi tumo ndani. Nikampigia mtaalamu wa hali ya hewa. Akasema nafasi ya maji kuingia hospitali ni moja kati ya nne. Mkuu akacheka, akasema basi tatu kati ya nne zinatuambia tutulie tusubiri taarifa ya saa tisa, maana itakuwa bora zaidi. Ni kweli ingekuwa bora. Taarifa inayofuata huwa bora kila mara, ndiyo maana watu kama yeye husubiri mpaka maji yawafike magotini. Mwaka wa nyuma nilihamisha mitaa mitatu, ikanyesha mvua ya kulaza vumbi tu, na tangu siku hiyo ofisini wananiita Bibi Hamahama. Nasema sikujali, lakini nilijali sana.

Daktari alikuwa na wagonjwa kumi na wanne wa oksijeni. Nikamuuliza kwa simu ni wangapi hawataimudu barabara.

"Wawili," akasema. "Labda watatu."

"Na wakibaki, maji yakaingia?"

"Hapo usiulize wangapi. Wote."

Mmoja wa hao kumi na wanne alikuwa baba yangu. Kitanda cha kumi na moja, wiki ya tatu, mapafu.

Robo ya kumi na wanne ni watatu na nusu. Wawili au watatu ni pungufu ya hapo. Kidogo mno, lakini ni pungufu. Niliandika hesabu hiyo nyuma ya bahasha, nikajichukia kwa kuijua. Kaka yangu, aliyekuwa akimuuguza baba, akapiga simu kunibembeleza nimweke mzee mwisho wa orodha, huenda kabla ya zamu yake mambo yangejulikana. Lakini wagonjwa wa oksijeni ndio hutangulia, kwa kuwa magari ya wagonjwa ni manne tu na safari ni ndefu. Ningemrudisha baba nyuma, ningekuwa nimemsukuma mbele mzazi wa mtu mwingine. Nikamkatalia. Saa tano kasorobo nikapiga moyo konde nikasaini amri. Mkuu hakutaka jina lake lionekane. Akasema jambo likiharibika ni langu.

Nilifika wodini wakimlaza baba kwenye machela. Alinishika kidole kimoja, kama mtu anayenunua kitu asichokiamini.

"Kinakuja kweli?"

"Labda, baba."

"Basi naondoka kwa labda," akasema, akatabasamu ndani ya barakoa ya oksijeni.

Kaka akapanda naye.

Saa tisa taarifa ikatoka: kimbunga kimegeukia baharini. Dakika ishirini baadaye kaka akapiga simu. Nilimsikia akilia, na dereva akimuuliza kama waendelee au wageuze.

Walikufa wawili, mwanamke wa kitanda cha tatu na baba. Jioni Mkuu alikuwa redioni akijipiga kifua kwamba yeye alishauri subira. Kinachonifanya nimchukie mpaka leo ni kwamba hakudanganya.

Siku ya pili baada ya maziko tulikuwa tumeketi sebuleni, mama kando yangu, mkono wake juu ya goti langu. Kaka aliniuliza bila kupandisha sauti.

"Mngesubiri taarifa moja tu, baba angekuwepo?"

"Angekuwepo."

"Na hatari ya barabarani uliijua?"

"Daktari aliniambia."

Nilitamani aishie hapo.

"Kesho wakikwambia tena moja kati ya nne, naye baba yuko kitandani palepale, utafanyaje?"

Ningeweza kumdanganya. Kila mtu mle ndani alikuwa akiniombea nidanganye.

"Nitasaini," nikasema.

Mama akauondoa mkono wake gotini pangu. Akainuka polepole, akavuka chumba, akaenda kuketi upande wa kaka.