Kalamu ya Elfu Thelathini

Zadock Ogola, mkulima wa mpunga wa Ahero, alikuwa na mke ambaye nyuki mmoja tu angeweza kumwua. Mara mbili Aoko alikuwa ameumwa, na mara zote mbili koo lilivimba hadi pumzi ikakaribia kukatika. Daktari akaagiza adrenalini, dawa ya kufungua pumzi, ile ya kalamu unayoikandamiza pajani na sindano ikafyatuka yenyewe.

Kisumu, duka la tatu la dawa ndilo lililokuwa nayo. Mfamasia Maximilla akataja bei: elfu thelathini.

"Moja?"

"Moja, mzee. Na mwaka ukiisha unatupa, hata kama hujaitumia."

Alipoona Zadock anarudisha pochi mfukoni, akaweka mezani kichupa cha kioo kisichozidi kidole. "Dawa yenyewe ni hii. Mia na hamsini. Ni ya zamani, yeyote anaweza kuitengeneza. Ghali ni kalamu. Kampuni moja ya ng'ambo ina hataza ya ule mtambo wa ndani, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuuiga. Waliojaribu kuleta za bei nafuu walishtakiwa mpaka wakachoka."

"Sasa mimi nifanye nini, daktari?"

"Umewahi kudunga ng'ombe?"

"Wengi."

"Basi kaa."

Akamfundisha saa nzima: kuvunja shingo ya kichupa, kuvuta dawa kwa bomba la sindano hadi alama na isipite hapo, kudunga paja upande wa nje, kisha mbio hospitali. Zadock akanunua vichupa vitatu na mabomba yake.

Wakati wa mavuno, nyuki alimwuma Aoko shingoni kando ya mfereji. Zadock alivunja kichupa cha kwanza, kikapasukia mkononi. Cha pili kilivunjika vizuri, lakini alama hakuiona mpaka alipofuta damu ya mkono wake kwenye bomba. Midomo ya Aoko ilikuwa imeshageuka rangi. Akamdunga juu ya gauni.

Hospitalini mwuguzi aliuliza ilichukua muda gani.

"Dakika sita. Labda saba."

"Kwa kalamu ingekuwa nusu dakika," mwuguzi akasema, akaandika.

Aoko alilala huko siku mbili. Ya tatu hakurudi shambani. Alipanda gari hadi Kisumu, peke yake, akaketi mbele ya Maximilla.

"Zadock hawi nami kila saa," alisema. "Nifundishe mimi."

Kichupa cha kwanza kilimkata. Akafunga kidole kwa leso, akaomba kingine.