Kidonge Kilipoleta Posa

Usiku wa kuamkia leo niliota nimekaa mkekani sebuleni kwa marehemu baba, Tanga, nimefunikwa kanga gubigubi kama mwari anayeposwa. Nina miaka hamsini na miwili. Nilijua ni asubuhi kwa sababu saa ya ukutani ilikuwa inapiga mswaki.

Hata ndotoni nilikumbuka shida yangu. Mwaka wa sita huu naishi na saratani ya damu, ile inayokwenda polepole. Wiki iliyopita Dokta Kivugo aliniambia kidonge changu kimeanza kushindwa, nichague: kidonge kingine chenye nguvu zaidi, au nipandikizwe uboho, ule urojo wa ndani ya mifupa, wa mdogo wangu Mbaraka, ambao umepimwa na kuonekana unanifaa. Jibu analitaka leo saa nne. Ukoo mzima umeshaamua ni uboho. Mimi sijasema kitu. Uboho unanitisha, na kumwambia hivyo Mbaraka kunanitisha zaidi, maana kijana wa watu amejitolea mifupa yake.

Basi nimekaa pale, na mdomo umejaa pilau. Shangazi Bi Mwanakombo amenishindilia matonge matatu ili nisije nikaropoka mbele ya wageni. Mimi ni mpishi wa shughuli, pilau naijua, na hii ilikuwa imezidi bizari.

"Hodi," anasema mshenga. Mshenga ni kile kiti cha plastiki cha kliniki, cha buluu, chenye mguu uliopasuka. Amevaa kofia ya kiua. "Tumeona ua katika nyumba hii. Chembe nyeupe zimezidi, lakini tumelipenda hivyo hivyo."

"Karibuni," anajibu shangazi. "Waposaji ni wangapi?"

"Wawili, na mmoja amekuja kuaga."

Anayeaga akaingia kwanza. Alikuwa Kidonge cha Zamani, macho yamemvimba kama alivyonivimbisha mimi kila asubuhi kwa miaka sita. Akakaa karibu na miguu yangu.

"Zamani nikibisha kwenye chembe zako, walikuwa wanakimbia," akasema. "Siku hizi wamenizoea. Wananiambia karibu mzee, wananipa kahawa, tunacheza bao. Nikiondoka wanaendelea kuzaana."

Nilitaka kumuuliza kwa nini hakusema mapema, lakini pilau ilinizuia. Akanipa pole, akatoka akichechemea. Nilimwonea huruma, kisha nikajionea mimi mwenyewe.

Kidonge Kipya akaingia amevaa suti ya kubana na saa mbili, moja kila mkono. Hakukaa.

"Ninakuja mara mbili kwa siku," akasema. "Asile kwa saa mbili kabla yangu, wala kwa saa moja baada yangu. Na balungi nisilione katika nyumba hii."

Juu ya kabati kulikuwa na balungi. Likashuka, likavaa viatu, likatoka bila kumuaga mtu.

"Huyu ni mpishi," kiti kikamkumbusha. "Kazi yake kuonja."

"Ataonja saa zangu zikipita." Akaniwekea sikio kifuani, akasikiliza moyo wangu kwa muda mrefu mno. "Unapiga vizuri. Nitausikiliza tena wiki ijayo."

"Na unaahidi nini?" akauliza shangazi.

"Miezi mitatu, kisha tupime. Zaidi ya hapo siahidi."

Shangazi akasonya. Hapo mlango ukafunguka, na Mbaraka akaingia amekumbatia deli la barafu. Kifuniko kikajiinua chenyewe, na Uboho akasimama ndani yake, mwekundu, mzito.

"Mimi sina mambo ya kila siku," akasema. "Naingia mara moja. Nyumba ikinipokea, huenda ugonjwa ukaisha kabisa. Ila siingii kwenye nyumba yenye watu. Lazima ihamwe kwanza."

Vigelegele vikapigwa, sijui na nani. Ukuta wa sebule ukawa korido ya wodi. Watu wa kwetu wanatoa vitu mbio mbio: sufuria zangu, miko yangu, picha ya marehemu mume wangu, kisha mlango, kisha dari. Baada ya dari wakaanza kutoka chembe za damu yangu, mstari mrefu, kila mmoja na mzigo wake. Mmoja aliyejitwika godoro akasimama mbele yangu.

"Mimi ndiye niliyepigana na ile malaria yako mwaka ule ulipojifungua," akasema. "Hata mimi natoka?"

"Wote wanatoka," akasema Uboho, bila ubaya.

Baridi ikaanza kuingia kutoka pande zote.

"Na nyumba isipokupokea?" akauliza kadhi. Kadhi alikuwa hadubini ya maabara, amepiga kilemba, ana jicho moja.

"Itabaki tupu," akajibu Uboho. Vigelegele vilikuwa vingi, nadhani nilisikia mimi peke yangu.

Kadhi akanigeukia. "Mwanatumu binti Shekuwe, unamridhia Uboho?"

Pilau imejaa mdomoni. Siwezi hata kukohoa.

"Mwanatumu binti Shekuwe, unamridhia Uboho?"

Natikisa kichwa. Ndani ya kanga hakuna anayeona.

"Kanyamaza," anasema shangazi. "Karidhia huyo, haya zinamsumbua tu. Andika, kadhi, watu wana njaa."

Kadhi anafungua kalamu. Naiona ncha inashuka kwenye karatasi, na jina langu liko pale tayari. Nikameza. Nilimeza pilau yote pamoja na kijiti cha mdalasini, nikahisi kinanichana koo hadi chini, kisha nikaitupa kanga.

"Ngojeni!" nikasema. "Mimi si mwari. Nimeolewa, nimezaa, nimezika mume. Kimya cha mwari ndicho kinachohesabiwa kuwa ndiyo. Mjane hutamka mwenyewe!"

Kalamu ikasimama. Hadubini akainamia kitabu, akajizungusha shingo mpaka akaona vizuri.

"Ni kweli," akasema. "Kosa ni letu. Mjane hutamka. Nani aliyemfunika?"

Shangazi akaangalia juu kwenye dari, ambayo haikuwapo.

"Basi tamka, mama," akasema kadhi.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Kumbe kunyamazishwa kulikuwa na raha yake. Mbaraka alikuwa ameshika deli, hanitazami.

"Mbaraka," nikasema, "mimi naogopa."

"Najua, dada."

"Namtaka Kidonge Kipya. Miezi mitatu, tupime. Akishindwa, namwacha. Mifupa yako ikae ilipo. Nikiihitaji, nitakuja kuibishia hodi mwenyewe."

"Hujanikataa?"

"Wewe sikukatai. Ni huu wakati tu naukataa."

Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Nilikuwa nachelea utasema ndiyo kwa ajili yangu," akasema, akafunga kifuniko. Ndani ya deli Uboho akasema yeye hana haraka. Chembe wa godoro akapita mbele yetu akirudi ndani, akauliza nani amehamisha kitanda chake.

Nikaamka, nalia. Kumeshapambazuka. Nikakaa kitandani nikijiuliza nitaanzaje kumwambia Mbaraka, maana tangu Jumatatu namkwepa. Hata simu zake sipokei. Nikachukua simu nimwandikie kabla sijabadili mawazo. Nikakuta ameshanitumia ujumbe, robo saa iliyopita:

"Sawa dada, wala sijachukia. Ila siku ukija kubisha, bisha kwa nguvu, unajua ninavyolala."